Karatasi Niliyovuka Nayo Feri

Maneno haya niliyasema mbele ya majirani zangu wa Likoni, Mombasa, Jumamosi alasiri, katika darasa moja la shule ya msingi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa kazini na waliokosa nafasi.

Assalam aleikum. Hamjambo, mama zangu, dada zangu na kaka zangu. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, madawati yapo. Jambo hili nanyi lawahusu.

Wengi hapa mnanijua kwa mahamri na mbaazi. Wengine mnanijua kwa ule mkoba wa mhudumu wa afya ya jamii, tangu mwaka 2023 serikali ilipotutuma nchi nzima, zaidi ya watu 100,000, tupite nyumba kwa nyumba. Leo nataka mnijue kwa jambo la tatu. Mimi ni mgonjwa wa kliniki ya akili. Nimekuwa mgonjwa wao kwa miaka kadhaa sasa, nafanya kazi zangu, nalea wanangu, na dawa zangu ziko kabatini karibu na majani ya chai.

Naona mmenyamaza. Basi nisikilizeni.

Ugonjwa wangu haukuja na msiba. Mume alikuwa na kazi, watoto walikuwa wanasoma, biashara ilikuwa inatoka. Ndiyo maana kila aliyeniuliza "una nini?" nilikosa cha kumjibu. Ninachokumbuka ni tumbo. Lilikuwa linaniwaka kuanzia magharibi mpaka usiku wa manane. Nilikwenda zahanati, nikasema tumbo. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Haikupita miezi, nikaenda kliniki ya kulipia, nikasema tumbo. Nikapimwa, nikaambiwa ni taifodi. Nikaenda pengine, nikaambiwa amiba. Karibu miaka miwili nikimeza vidonge, na kila mahali pesa nilitoa.

Mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha. Nilikuwa natangaza kila dirisha la dawa. Ila nilichokuwa natangaza ni tumbo. Nisingeweza kutaja kingine kwa sababu sikuwa na jina lake.

Siku moja nilikanda unga kilo sita, kwa tui la nazi na iliki kama kawaida, nikaufunika beseni, nikalala. Saa tisa za usiku nikafunua. Unga umeumuka, umependeza, laini kama shavu la mtoto. Ilibaki kuukata matonge, kusukuma na kutia karai jikoni. Mkono haukwenda. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikiutazama. Adhana ya alfajiri ikapita. Wateja wakabisha, wakaondoka. Unga ukafurika ukingo wa beseni, kisha ukashuka, ukafanya mashimo, ukaanza kunuka uchachu. Mwanangu aliporudi kutoka shule saa saba mchana alinikuta pale pale, leso ya usiku mwilini. Akasema, "Mama, nikumwagie?" Nikamwambia mwaga.

Siku ya pili nilikwenda zahanati kwa tumbo, kama nilivyozoea. Muuguzi alinipima presha, akauacha mkono wangu mezani, akaniuliza, "Mama, unalala?" Sijui kwa nini swali lile lilinivunja. Nililia mpaka watu wa nje wakachungulia. Aliponiona siwezi kusema, akanipa kazi: "Nenda nyumbani. Kwa siku tatu andika kila kinachokusumbua, kwa maneno yako, usiyapambe. Uniletee Alhamisi."

Nilichana karatasi ya miraba kwenye daftari la hisabati la mwanangu. Ninayo hapa. Imechakaa kwenye mikunjo, lakini yasomeka. Niwasomee:

"Naamka saa saba za usiku, silali tena. Nikiamka moyo wanienda mbio kama nimefanya kosa. Chakula hakina ladha, hata samaki. Nimepungua, sketi zanivuka. Nasahau hesabu ya chenji. Wanangu wakicheka nakereka. Nina miezi mingi sijacheka. Jumapili nilisimama kwenye feri nikayatazama maji nikafikiri ingekuwa nafuu."

Hayo tu. Mistari minane. Miaka miwili ya vidonge vya tumbo, na mistari minane ndiyo iliyonifikisha kwa daktari. Muuguzi aliisoma, akaniandikia barua ya rufaa siku ile ile.

Nimekuja kuwaambia kuhusu karatasi hii. Anayekwenda mara ya kwanza anadhani kazi ni kupata daktari. Kupata daktari ni nusu. Ukishakaa kile kiti, ulimi unaganda. Foleni ni ndefu, daktari ana watu wengine nje, na wewe unajikuta unasema kile ulichozoea kusema: kichwa, mgongo, tumbo, uchovu. Utatibiwa ulichokitaja. Lugha yetu ina maneno mengi ya kuusemea moyo. Twasema roho imenibana, moyo hautulii, nimeingiwa na kiwewe, mawazo yamenizidi, dunia imekuwa nzito. Mwandikieni daktari maneno hayo hayo. Msitafute ya kitabuni.

Sasa, pa kuanzia. Wengi mnadhani pa kuanzia ni Port Reitz, kwa kuwa wadi ya akili ya serikali inayojulikana zaidi hapa kwetu iko kule. Jina la Port Reitz tumelifanya tusi la kutupiana vijiweni, kama watu wa Nairobi walivyoifanya Mathari, hospitali yao ya akili. Mathari yenyewe Waingereza waliianza mwaka 1910 kwa jina lililomaanisha nyumba ya kuwekea wendawazimu, na hofu ya mlango uliofungwa imerithiwa mpaka kwa wajukuu. Mie niliogopa hivyo hivyo. Niliaga wanangu kama nisiyerudi. Jioni nilikuwa jikoni kwangu nikichambua mchele. Wagonjwa walio wengi wa kliniki za akili hawalazwi. Wanaonwa, wanapewa dawa au siku ya ushauri, wanarudi makwao.

Lakini huna haja ya kuanzia kule. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mwambie afisa wa kliniki au muuguzi waziwazi: "Nimekuja kwa sababu ya afya yangu ya akili." Sentensi hiyo ifanyieni mazoezi nyumbani, kwa sauti, kama mtoto anayekariri shairi. Kama tatizo ni la kutibika pale, utatibiwa pale. Kama sivyo, utapewa barua ya rufaa, na barua hiyo inakurahisishia safari kule mbele.

Mjue pia ni nani anafanya nini, maana watu wanapoteza nauli. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili wa tiba. Anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanatibu kwa mazungumzo, dawa hawaandiki. Wauguzi waliosomea afya ya akili wapo pia, na kwa maoni yangu wao ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi hapa Pwani. Ukiambiwa uende kwa mtu binafsi, muulize leseni yake ni ya baraza gani. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014, na madaktari wana baraza linaloweka orodha yao wazi kwa kila mtu. Swali hilo si utovu wa adabu. Hata fundi wa stima unamuuliza kazi alijifunza wapi.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Jiandikisheni na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile SHA iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024. Unapiga *147# kwa simu yoyote. Aliyejiandikisha hatakiwi kulipia huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali. Ukipelekwa hospitali kubwa, hapo mchango wako uwe umelipwa. Ulizeni kabla ya siku yenyewe, dirishani au kwetu sisi wahudumu, na mkoba uwe na akiba kidogo ya pesa za dawa, kwani mara nyingine utaambiwa dawa fulani imekwisha ukanunue nje.

Turudi kwenye matayarisho. Pamoja na ile karatasi, chukua kitambulisho, barua ya rufaa, vipimo vya zamani, na dawa zote unazotumia. Zote. Za presha, za sukari, za uzazi wa mpango, na zile za miti shamba. Zitie kwenye mfuko mmoja wa nailoni ukazimwage mezani kwake. Kama unatafuna muguka au miraa, sema. Kama kuna bangi, pombe au unga wa kulevya, sema. Najua mjadala wa muguka ulivyokuwa hapa Mombasa mwaka 2024, kaunti ilipoipiga marufuku na mambo yakaishia mahakamani. Daktari hayumo katika mjadala huo. Anataka kujua kwa sababu muguka unafukuza usingizi na unaweza kumzidishia mtu wasiwasi na kusikia yasiyokuwepo, na asipojua atakupa dawa ya usingizi huku wewe unaufukuza usingizi kila jioni. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla hajaandikiwa chochote.

Daktari naye atauliza. Atauliza kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi; kwa hiyo kabla ya siku, kaa na mama au shangazi umuulize yule mjomba aliyekuwa akijifungia ndani alikuwa na nini hasa. Anaweza kukusomea maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Hakuna kufaulu wala kufeli. Anaweza kutaka damu yako, maana tezi ya shingoni ikilegea, au damu ikipungua, mtu anaweza kuonekana kama ana huzuni kumbe ni jambo la kutibiwa kwingine. Usikasirike ukitolewa damu ukadhani hujasikilizwa.

Na atakuuliza kama umewahi kufikiria kujiua. Hapa naomba tusikilizane vizuri.

Mimi mstari wangu wa mwisho, ule wa feri, niliufuta kwa raba, nikauandika tena, nikaufuta tena. Niliogopa polisi. Wakati ule kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilikuwa kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu ilifika miaka miwili jela. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume na katiba. Mwambieni jirani, mwambieni na kijana wa bodaboda. Kufikiria si kosa, kusema si kosa, na mtu aliyejaribu akanusurika ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Daktari akikuuliza swali hili hakutii wazo kichwani. Anakufungulia mlango upite nalo. Na kama wazo liko karibu, kama ni la usiku huu, usingoje karatasi wala Jumatatu. Amsha mtu ndani ya nyumba, nenda hospitali yoyote iliyo wazi, au piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Siku niliyovuka, wifi yangu alinisindikiza. Karatasi nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la leso, pale ninapofungaga pesa za soko. Mnajua asubuhi ya feri ilivyo, lango likifunguliwa watu wanamwagika kama maharagwe kutoka kwenye gunia. Wifi alinishika kifundo cha mkono, akanipitisha upande wa ndani, mbali na ukingo. Hakuuliza kitu. Tulipofika katikati ya maji alianza kunisimulia bei ya nyanya. Mpaka leo sijui kama alijua alichokifanya. Tulishuka, tukapanda matatu, na bei ya nyanya ikaendelea mpaka getini.

Kwa hiyo chagueni msindikizaji. Awe mtu mtulivu kuliko mtu mwenye maneno mazuri. Atakukumbusha ulichoambiwa, kwani wewe utasahau nusu. Ndani ya chumba unaweza kuingia naye au kumwacha nje; ni hiari yako. Sheria ya Afya ya Akili, ile ya 1989 iliyorekebishwa mwaka 2022, inakupa haki ya siri zako, haki ya kuelezwa matibabu na haki ya kukubali au kukataa kabla hayajaanza, isipokuwa kwa hali chache za dharura. Siku yangu ya kwanza, aliyekaa dirishani aliuliza kwa sauti kubwa, "Wewe ni wa wale wa akili?" Benchi zima likageuka. Wifi akajibu kwa upole, "Ndiye, na ana barua." Nilitaka ardhi inimeze, na nisingekuwa na wifi ningerudi feri. Mtu akikufanyia hivyo, jua yeye ndiye aliyekosea, na omba kuonana na msimamizi wake. Mwenzako wa kesho asikumbane na sauti ile.

Kuna jambo la shekhe, na la mchungaji kwa ndugu zetu Wakristo. Niliwahi kusomewa. Niliwahi kunywa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa sahanini, na sitasimama hapa kumdharau aliyenisomea. Alinipa faraja na hakunitoza kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, dua naomba, nawe kazi ya hospitali ifanye." Shekhe kama huyo mshikeni. Atakayewaambia mwache dawa za hospitali ili uganga wake ufanye kazi, mkimbieni. Anayefunga mgonjwa kamba, anayempiga ati pepo litoke, huyo anatesa mtu, na mambo hayo bado yapo, tunayaona tukipita majumbani.

Daktari wangu aliisoma karatasi mara mbili. Akauita ugonjwa wangu unyogovu. Wenzetu wa Tanzania huuita sonona. Nilipolisikia jina nilihisi kama mtu aliyetua ndoo. Kabla sijatoka nilimuuliza maswali niliyokuwa nimeyaandika nyuma ya karatasi: dawa hii yaitwaje, nimeze saa ngapi, nikisahau nifanyeje, itaniletea nini, nirudi lini. Nawashauri muyaandike hayo hayo. Aliniambia jambo ambalo laiti kila mtu angelijua: dawa za unyogovu hazikimbii kama za kichwa. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu na kinywa kikavu bila nafuu yoyote. Nafuu huanza baada ya wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Watu wengi wanaziacha siku ya kumi, wanasema hazifai. Na ukipata nafuu usizikate ghafla. Utaendelea nazo miezi sita au zaidi, na kuziacha ni kwa kupunguza pole pole ukiwa mikononi mwa daktari. Mimi ya kwanza haikunifaa, nilibadilishiwa. Kubadilishiwa ni kawaida. Hata daktari mwenyewe, usipoelewana naye baada ya kumpa nafasi, unaweza kuomba mwingine.

Na Ramadhani ikikaribia, nendeni kliniki kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa kati ya futari na daku. Lakini anayetumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza moyo unaopanda na kushuka, asijipangie mwenyewe hata kidogo, kwa sababu mwili ukikauka maji, na joto letu mnalijua, dawa hiyo hupanda kwenye damu ikawa sumu. Mruhusuni daktari aseme, kisha muulizeni shekhe kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Yote mawili yapo.

Nafuu yangu niliijua kwa harufu. Ilikuwa kama wiki ya sita baada ya kubadilishiwa dawa. Nilikuwa natwanga iliki, nikaisikia. Nikasimama na mchi mkononi, nikainusa tena.

Nimesema ya kutosha. Pale mlangoni mwanangu ana karatasi za miraba na kalamu, huyo huyo aliyemwaga unga. Sasa amenizidi urefu. Anayetaka achukue, akae dawati lolote, aandike. Hakuna atakayesoma cha mwenziwe. Asiyejua kuandika aje tukae kule kona, aniambie nimwandikie, na maneno yake yatabaki kwangu. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa feri upande huu, karibu na wauza madafu, nimevaa leso ya kijani. Atakayetaka wa kuvuka naye atanikuta.